Tukosoe Kazi, Tusimvunje Mwenye Kazi

Hotuba hii ilitolewa Arusha mbele ya wafasiri, wahariri na waandishi wa Kiswahili wanaochapisha kazi na maoni yao mtandaoni. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu mliotutangulia katika kazi hii, wahariri, wafasiri, waandishi, na ninyi vijana mlioingia katika mkutano wetu leo kwa mara ya kwanza: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wote habari za asubuhi.

Kuandika tunajua, na ndiyo kazi iliyotukutanisha. Ninachoomba tukitazame asubuhi hii ni jinsi tunavyoandikiana: jinsi mfasiri wa Nairobi anavyomjibu mfasiri wa Dodoma, jinsi mhariri aliyezeekea kazini anavyomsahihisha kijana aliyemaliza chuo mwaka jana, jinsi mwalimu wa Kiswahili aliyeko Muscat au Minnesota anavyoipokea makala ya mwenzake aliyeko Bukavu. Zamani mijadala ya taaluma yetu ilifanyika katika vikao kama hiki, ambamo anayesema anamwona usoni anayeambiwa. Siku hizi sehemu kubwa ya mijadala hiyo inafanyika kwa maandishi, hadharani, mbele ya watu wasiotufahamu, na neno likishatoka mikononi mwetu halirudi.

Dai langu ni moja, nami nitalishikilia hadi mwisho wa mazungumzo haya. Adabu katika mijadala ya wataalamu ni sehemu ya utaalamu wenyewe, kwa sababu mahali inapokosekana wenye ujuzi hunyamaza, na wenye ujuzi wakinyamaza makosa huendelea kuishi.

Nianze na mfano wa karibu. Yuko muuguzi mmoja, binti wa watu, ambaye alifanya kazi katika kliniki ya wajawazito na wakati wa mapumziko akawa anafasiri maandiko ya afya. Kila alipohudumia mama alikuwa akiandika katika daftari maneno ambayo mama yule aliyatumia kueleza hali yake: huyu kasema ana tumbo la chango, yule kasema chupa imepasuka, mwingine kasema mtoto amekuwa mzito upande mmoja. Pembeni akaandika maelezo ya kitabibu ya kila usemi, na mahali ambapo usemi mmoja ulibeba maana mbili akauliza tena mpaka apate uhakika. Fikirini, ndugu zangu, thamani ya daftari lile. Ni nani kati yetu tuliofasiri vipeperushi vya uzazi aliyewahi kukaa na akina mama akawasikiliza kiasi hicho? Alipokuwa na kurasa za kutosha akazichapa, akaziweka mtandaoni kwa ajili ya wataalamu wenzake, akaomba maoni.

Maoni ya kwanza yalisema hivi: "Kabla ya kutufundisha istilahi, jifunze kwanza kutofautisha r na l." Ni kweli kwamba katika orodha yake mlikuwa na maneno kadhaa yaliyochanganya herufi hizo mbili. Chini ya maoni hayo zikafuata picha za vicheko. Akaja mwingine akauliza amesomea chuo gani. Akaja wa tatu akasema kwamba watu wa mkoa fulani wana matatizo yao na Kiswahili, akautaja mkoa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali juu ya chango. Hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya maneno yenye maana mbili, ambayo ndiyo yanayoweza kumpoteza mkunga usiku wa manane. Ilipofika jioni orodha ile ilikuwa imeondolewa. Nilikuja kuonana na muuguzi huyo baadaye, akanionyesha kurasa zake kwenye simu, akanieleza kwa upole kwamba hana nia ya kuziweka tena mahali popote.

Nawauliza: nani alipata hasara siku ile? Yeye aliumia, ndiyo. Lakini kazi yake anaendelea nayo na maneno yake anayajua. Waliobaki mikono mitupu ni wafasiri, na nyuma ya wafasiri ni wasomaji wa vipeperushi vyetu. Na hasara hiyo hatukuiona, kwa sababu mtu akikaa kimya haachi alama ya alichokuwa nacho.

Jambo hili limechunguzwa na watu wa fani nyingine kwa makini zaidi yetu. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kuona kwamba wodi zenye timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamletea kinyume chake: timu zenye maelewano ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipofuatilia akakuta maelezo, nayo ni kwamba katika wodi zile wauguzi walikuwa huru kutaja makosa yao na kuyajadili, ilhali katika wodi nyingine, ambamo aliyekosea alifokewa na kudhalilishwa, makosa yalifichwa. Msimamizi mkali alikuwa na karatasi safi kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Je, sisi hatuna karatasi safi za namna hiyo? Mara ngapi tumejisifu kwamba mijadala yetu ina kiwango cha juu, kumbe wanaozungumza ndani yake ni watu walewale, na waliobaki wamejikalia kimya wakiogopa kuchekwa?

Itazameni na Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo wengi humu mnaichangia. Ilianza mwaka 2001, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Katika toleo la Kiingereza idadi ya wachangiaji hai ilipanda kwa kasi hadi mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha sababu mojawapo kubwa: katika juhudi za kulinda ubora, wenyeji walijiwekea kanuni nyingi na vifaa vya kufuta makosa kwa haraka, na vifaa hivyo vikawa vinafuta pia kazi za wageni waliokuja kwa nia njema ila hawajazijua kanuni. Mgeni aliandika aya yake ya kwanza, baada ya muda mfupi akaikuta imefutwa na onyo la jumla limebandikwa, akaondoka asirudi. Nataka mlione jambo hili vizuri, kwa sababu waliofuta hawakuwa watu wabaya na hawakumtukana mtu. Walikuwa na haraka. Lakini kwa yule aliyefutiwa, haraka na dharau vinafanana. Na kanuni ya kumdhania mwenzako nia njema ilikuwa imeandikwa muda wote katika miongozo ya mradi huohuo, pamoja na nyingine inayowataka wenyeji wasiwararue wageni.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Toleo la Kiswahili lina makala maelfu kwa maelfu na wachangiaji wa kudumu wachache mno. Sisi hatuna watu wa kufukuza.

Ndugu zangu, nalijua pingamizi linalosubiri, na ni pingamizi la haki. Mtasema: je, tuache makosa yapite kwa sababu ya adabu? Tusifiane tu? Hapana. Nasema hapana kwa nguvu zote. Anayeona kosa akalinyamazia ili aonekane mpole hana adabu. Ana woga, au hajali.

Chukueni mfano wa kipeperushi cha dawa kilichoandikwa: "Meza kidonge kimoja kila saa nane." Aliyefasiri alikuwa anafikiria muda wa saa nane unaopita kati ya kidonge na kidonge. Lakini mama wa Singida akisoma "kila saa nane" ana haki kabisa ya kuelewa saa nane ya mchana, akampa mtoto kidonge kimoja kwa siku pale ambapo alitakiwa kumpa vitatu. Kosa la namna hii haliwezi kuachwa kwa sababu ya kuona haya. Ni lazima lisemwe, na lisemwe mapema.

Sasa sikilizeni namna mbili za kulisema. Ya kwanza: "Huyu naye anajiita mfasiri! Mnaua watu kwa Kiswahili chenu cha kubabaisha." Ya pili: "Ndugu, asante kwa kipeperushi hiki, sehemu ya tahadhari kwa wajawazito umeieleza vizuri sana. Katika mstari wa nne kuna jambo la hatari. 'Kila saa nane' inaweza kueleweka kuwa saa nane ya mchana, mgonjwa akameza mara moja tu kwa siku. Napendekeza 'kidonge kimoja kutwa mara tatu, kila baada ya saa nane'. Tafadhali kama inawezekana lirekebishwe leo, maana nimeona kimeshaanza kusambazwa."

Ni ipi kali zaidi? Mimi nasema ya pili ndiyo kali, kwa sababu haimwachii mfasiri pa kukimbilia. Imetaja mstari, imeeleza hatari, imetoa mbadala, imeweka muda. Ya kwanza haikumweleza chochote. Angeweza kuisoma mara kumi asijue kosa liko wapi, na nguvu zake zote zingeishia katika kujitetea kwamba yeye ni mfasiri wa kweli na ana vyeti. Tusiipe dharau sifa ya ukweli mchungu. Dharau mara nyingi ni uvivu: ni njia ya mkato ya mtu ambaye hakutaka kuifanya kazi ya kueleza.

Na hapa nawageukia ninyi mnaodhani kwamba heshima ni jambo geni lililoletwa na miongozo ya makampuni ya mitandao. Taaluma yetu ina historia ndefu ya kubishana, na wabishi wake walikuwa hodari kuliko sisi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilikuwa na uhasama wa kweli wa vita. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa washairi kwa miongo mingi. Wapenzi wa malumbano ya magazetini mnaijua taratibu yake: mshairi anamwomba kwanza mhariri nafasi, anamsalimu mwenzake kwa jina au kwa lakabu anayoipenda, anaitaja hoja anayoijibu ili msomaji ambaye hakuisoma aifahamu, ndipo anaanza kuibomoa beti kwa beti. Mwishoni anasema kwamba akijibiwa kwa hoja bora atanyoosha mikono. Na akijibu, sharti ajibu kwa bahari ileile aliyoulizwa, yaani kwa mtindo uleule wa shairi. Fikirini sharti hilo lilimtaka nini: kabla hujampinga mtu, uisome kazi yake kwa makini kiasi cha kuweza kuifuata hatua kwa hatua. Wangapi kati yetu tunaisoma makala nzima kabla ya kuandika maoni chini yake?

Sisemi kwamba zamani watu hawakuumizana. Katika miaka ya 1970 na 1980 ulikuwepo mgogoro mkubwa wa ushairi, na wapo humu ukumbini waliouona. Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, alichapisha diwani yake ya kwanza mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wanamapokeo, yaani watetezi wa kanuni za kale za ushairi, wakasema hilo si shairi, na kwamba asiyetaka vina na mizani akitafutie alichokiandika jina jingine. Wanamabadiliko, waliotaka mashairi huru, wakajibu kwamba vina na mizani ni mapambo tu, wala si uti wa ushairi. Maneno makali yalisemwa, na mengine yalivuka mpaka: kwamba wanamabadiliko wamevikataa vina kwa sababu vimewashinda, kwamba wanamapokeo wamekwama katika karne iliyopita. Kulikuwa hata na kauli za kumnyima mtu haki ya kuwa mshairi wa Kiswahili kwa sababu ya mahali alipozaliwa.

Je, leo ni nini kilichobaki cha mgogoro ule? Matusi yake hayafundishwi popote. Kinachofundishwa ni hoja: maana ya arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, uhusiano wa shairi na wimbo, kazi ya picha na mdundo. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, waliokuwa upande wa mabadiliko, waliona ulazima wa kuziweka hoja zao kitabuni, wakieleza kwa utaratibu ushairi ni nini. Mulokozi huyohuyo, ambaye mtu angemdhania adui wa jadi, baadaye akatumia miaka mingi kukusanya na kuhariri tenzi za kale, akawa mmoja wa walinzi wake wakubwa. Wanafunzi wa sekondari wanaulizwa juu ya mashairi ya arudhi na mashairi huru katika mtihani mmoja. Pande zote mbili ziliilazimisha taaluma ifikiri. Zilizoilazimisha ni zile kurasa ambamo watu walipingana wakieleza, na kurasa hizo ndizo ninazowasihi tuziige.

Jambo jingine linaniuma zaidi, nami nitalisema wazi kwa kuwa tuko nyumbani. Tunadharauliana kwa sababu ya Kiswahili tulichozaliwa nacho au tulichojifunzia. Mtanzania anaandika chini ya makala ya Mkenya kwamba hicho si Kiswahili, ni Kiingereza kilichovishwa kanga. Mkenya anajibu kwamba Watanzania wanajua kusema bila kufuata sarufi. Wote wawili wakikutana na mwandishi wa Lubumbashi au Goma wanaungana kumcheka. Mtu wa Mombasa au Lamu, ambaye mababu zake walitunga tenzi kabla ya sisi wa bara kushika kalamu, anaambiwa kwamba neno lake ni kosa kwa sababu halimo katika kamusi.

Tukumbuke kilichotokea. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha vitabu vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Uamuzi ule ulikuwa wa kiutawala, ulifanyika chini ya serikali za kikoloni, na haja yake kubwa ilikuwa shule na uchapishaji. Umetusaidia, sikatai, mimi mwenyewe nahariri kwa Kiswahili sanifu na nakitetea. Lakini kuchagua lahaja moja kwa ajili ya vitabu hakukuyageuza maneno ya lahaja nyingine kuwa makosa, wala hakukumpa mtu yeyote cheo cha hakimu juu ya watu wa Kimvita cha Mombasa au Kiamu cha Lamu.

Kwa hiyo nawaomba, kabla hujaandika "hicho si Kiswahili", andika kwanza swali. "Kwenu neno hili linatumikaje?" Mkiuliza hivyo mtashangaa mnayoyapata. Nimewahi kuona mjadala uliokuwa unaelekea kuwa ugomvi ukageuka kwa swali hilohilo: mhariri mmoja wa Dar es Salaam alimwuliza mfasiri wa Bukavu maana ya neno alilotumia kwa hati ya umiliki wa ardhi, na jibu alilopewa lilikuwa somo zima juu ya namna ardhi inavyomilikiwa Kivu, kukiwa na aina za hati ambazo sisi huku hatunazo. Tungeambulia nini kama angeanza na kicheko?

Ndugu wazee wenzangu katika kazi, naomba sasa niseme nanyi. Sauti ya jumuiya inawekwa na wakubwa wake. Vijana hawasomi miongozo, wanatutazama sisi.

Mnalijua jina la Linus Torvalds, aliyeanzisha programu ya Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Simu nyingi zilizomo humu ukumbini zinaendeshwa kwa mfumo uliojengwa juu ya programu hiyo. Ni kazi ya maelfu ya watu wanaosahihishana kwa maandishi, na kwa miaka mingi kiongozi wao alijulikana kwa barua za kufedhehesha: kosa la mtu lilimletea matusi mbele ya ulimwengu mzima. Watetezi wake walisema ukali huo ndio unaolinda ubora. Mwaka 2013 mhandisi mmoja wa mradi alimkabili hadharani akimtaka abadilike, naye akautetea mtindo wake. Mwaka 2015 mhandisi huyo akaeleza kwamba ameacha kazi ya kiini cha Linux kwa sababu ya namna watu wanavyozungumzishwa. Kisha, tarehe 16 Septemba 2018, Torvalds akawaandikia wenzake akikiri kwamba mashambulizi yake katika barua hayakuwa ya kitaalamu, akaomba radhi, akasema anapumzika kwa muda ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu. Mradi ukachukua kanuni mpya za mwenendo, naye akarejea mwezi uliofuata. Linux haikuanguka. Makosa yaliendelea kukataliwa kama kawaida, na ubora ambao watetezi wa matusi waliuogopea umebaki.

Mimi nampa heshima kwa barua ile. Lakini pia nafikiri juu ya wale walioondoka kabla ya 2018, ambao michango yao haitajulikana.

Kwetu sisi jambo hili lina ugumu wake, kwa sababu tunaheshimu umri. Kijana akitaka kumsahihisha mwalimu wake anaanza na shikamoo, anazunguka, anaomba kuuliza swali ambalo kwa kweli ni masahihisho. Ni malezi mazuri na sitaki yapotee. Ila wakubwa tusiyageuze kuwa ngao. Kijana akikuandikia, "Mwalimu, shikamoo, naomba ufafanuzi juu ya tarehe uliyoitaja katika aya ya tatu," jua kwamba amekwishaangalia, na pengine tarehe yako ni mbovu. Mjibu marahaba, itazame upya, na kama amesema kweli mwandikie palepale hadharani kwamba amesema kweli. Neno moja la namna hiyo kutoka kwa mkubwa linafungua vinywa vya vijana wengi ambao hata hawakushiriki mjadala.

Na ninyi wakubwa mnaotaka kumsahihisha kijana, kumbukeni desturi yetu ya kumwita mtu chemba. Kosa la tahajia, kosa la nukta, mchanganyiko wa herufi: hayo yote yana njia ya ujumbe wa faragha. Mpelekee orodha, mwambie asante kwa kazi, mwachie nafasi ya kurekebisha mwenyewe. Kosa linaloweza kumdhuru msomaji, kama lile la saa nane, hilo lisemwe hadharani bila kuchelewa, ili na wasomaji wajue. Lakini hata hapo lisemwe kwa namna ile ya pili.

Juu ya hasira nitasema machache. Mwaka 1995, intaneti ikiwa bado changa, wahandisi wake walitoa mwongozo wa adabu za mawasiliano, na humo wakashauri kwamba majibu ya hisia kali yasubiri usiku upite kabla ya kutumwa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga wetu, wala hawakuwa na kompyuta. Jibu uliloliandika saa sita usiku lisome tena asubuhi, na likiwa bado linafaa lipeleke. Na ukishambuliwa wewe, tafuta ndani ya shambulio kama kuna hoja. Ukiipata, ijibu mara moja: "Hoja yako juu ya aya ya pili ni sahihi, nimeirekebisha, asante." Yaliyobaki yaache. Huna deni la kujibu kila neno.

Kuna upande wa wema ambao tunausahau kabisa. Kurasa zetu zimejaa picha za mabango yaliyokosewa na manukuu ya watangazaji waliojikwaa. Ni lini mara ya mwisho mmoja wetu aliandika makala nzima kueleza kwa nini tafsiri fulani ni nzuri? Ipo tahadhari ya mvua kubwa iliyoandikwa kwa lugha ambayo mvuvi wa Kilwa anaielewa kwa kuisikia mara moja redioni. Ipo fomu ya benki ambayo mtu aliifikiria hadi ikawezekana kujazwa bila msaada. Aliyeziandika yuko mahali fulani, hajulikani, na hakuna aliyemwambia kitu. Tukisifu, tusiishie kwenye "hongera, kazi nzuri". Tuseme ni sentensi ipi, imefanya nini, na mwandishi mwingine anaweza kujifunza nini kutokana nayo. Sifa ya namna hiyo inamfundisha kijana haraka kuliko makosa mia moja aliyoonyeshwa kwa kalamu nyekundu, kwa sababu inamwonyesha mahali pa kuelekea.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja na maneno matupu. Naomba mambo mawili yaingizwe katika ajenda ya kikao cha mchana. La kwanza, kila mtu anayeweka kazi yake mbele yetu kwa mara ya kwanza apangiwe mwenyeji mmoja mwenye uzoefu, ambaye wajibu wake utakuwa kuisoma kazi hiyo yote na kuandika maoni ya kwanza kabla ya sisi wengine kusema lolote. Mimi niko tayari kuwa mmoja wa wenyeji hao, na karatasi ya kujiandikisha nimeiacha kwenye meza ya katibu. La pili, kwa kuwa wapo wenzetu walioondoa kazi zao kutokana na namna walivyopokelewa, katibu aombwe kuwaandikia mmoja mmoja, kwa majina yao, kuwaomba wazilete tena, na barua hiyo itiwe saini na wazee wa mkutano huu.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Maswali na mapingamizi nayapokea sasa.